Pikipiki ya Mhina Ilipozima

Sogeeni karibu, nanyi wa nyuma msisinzie, maana kisa nawapa mimi, lakini hukumu mtanipa ninyi.

Pale Mombo palikuwa na watu watatu. Chande, fundi wa betri, aliweza kuinusa betri akajua kama kuna seli iliyokufa. Bi Kidawa alikuwa na subira. Akinyamaza, huwezi kujua amesamehe au anangoja. Na Zamoyoni binti Mhina alikuwa na sauti. Akianzisha wimbo, miguu ya watu humtii yeye, haiwatii wenyewe.

Wote watatu walimchukia Sechambo, mume wa Bi Kidawa, na walikuwa na sababu. Siku ya arobaini ya marehemu Mhina, Sechambo aliazima pikipiki yake ya kale akafuate mchele. Mchele ulifika, pikipiki haikurudi. "Marehemu alinipa," akasema. Zamoyoni alipoidai barazani, Sechambo alicheka mbele ya watu: "Siku ikinizimikia njiani, atakayeiwasha akaondoka nayo, ni yake." Zamoyoni alirudi nyumbani akilia kwa hasira. Baba yake hakuacha kitu kingine.

Basi Sechambo akataka kuongeza mke wa pili. Akapanga aende kwa bibi harusi juu ya pikipiki ileile, taa kubwa ikiwaka mchana kweupe, ili watu wamwone.

Betri akaipeleka kwa Chande ikachajiwe. Alikwisha kumtangaza Chande mji mzima kuwa ni mwizi, lakini fundi mwingine wa betri za volti sita hakuwapo. Chande akainusa: seli moja imekufa. Mteja mwingine angeambiwa. Huyu alichajiwa betri yake, ikang'arishwa vichwa, akarudishiwa. "Tayari, bwana harusi."

Kazi ya kuisafisha pikipiki Sechambo akampa Bi Kidawa, mkewe wa kwanza. Asafishe chombo kitakachompeleka mumewe kwa mke mwenzake! Bi Kidawa aliisugua mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Alipofika kwenye dainamo, akalegeza waya unaopeleka chaji kwenye betri, akaufunika vizuri, akaenda kupika pilau.

Kuongoza nyimbo akaitwa Zamoyoni, maana Sechambo alitaka kumwona akiimba mbele ya pikipiki ya baba yake. Zamoyoni alikubali upesi mno, mwenye akili angeshtuka. Njia ilikuwa fupi, yeye akairefusha. Kila mlango alisimama, akaongeza ubeti, akawazungusha wanawake duara. Nyuma yake bwana harusi alikuwa amezibiwa njia, taa inawaka, honi inalia.

Walipofika sokoni honi ikaanza kukoroma. Taa ikawa nyekundu, injini ikakohoa, ikazima. Sechambo alipiga kiki mpaka kanzu ikapasuka. Watu walicheka, na kicheko kile Zamoyoni alikisikia kitamu mpaka kwenye mifupa.

"Ahadi yako tunaikumbuka," akamwambia.

Chande akaleta betri nzima kutoka karakana yake. Bi Kidawa akakaza waya wa dainamo. Chande akajaribu kiki, ikamrusha mguu. Zamoyoni akapanda, akaipiga kama alivyofundishwa na baba yake, ikanguruma.

"Ni yangu," akasema Chande. "Betri nzima ingemfikisha, hata waya ukilegea. Na hii iliyoiwasha ni yangu. Nitaiegesha mlangoni pangu, watu wajue mwizi ni nani."

"Betri yako mbovu dainamo ingeibeba," akajibu Bi Kidawa. "Niliyeikata ni mimi, niliyeirudisha ni mimi. Kila Ijumaa nitapita nayo mbele ya nyumba ya yule bibi harusi."

"Shangazi, na wewe kaka Chande, mliyafanya hayo yote, na bado angefika taa ikiwaka," Zamoyoni akasema. "Niliyemchelewesha ni mimi. Niliyepiga kiki ni mimi. Na mwenyewe alikuwa baba yangu."

"Baba yako hayumo kwenye ahadi, mwanangu," Bi Kidawa akasema, akaushika usukani. Chande akashika kiti. Zamoyoni hakushuka. Alianza kuwachukia na wao, chuki ileile aliyokuwa amemwekea Sechambo peke yake.

Sechambo alikuwa amekaa kibarazani, kanzu imepasuka, kichwa ameinamisha. Akakiinua. Akaona mikono mingi inavutana, na pikipiki haijasogea hata hatua moja. Akaanza kutabasamu, kwa maana asipoondoka nayo mtu, bado ni yake.

Haya, amueni kabla tabasamu lile halijawa kicheko. Ninyi mngempa nani aondoke nayo, na mikono ya nani mngeibandua?