Joto Chini ya Bati

Sogeeni, na aliyebeba mtoto akae vizuri. Ninayo hadithi, ila mwisho wake sina.

Palikuwa na ndugu watatu wa milimani waliosoma chuo kimoja. Nietiwe, dada mkubwa, alitengeneza kihisi, yaani jicho la kamera linaloona joto badala ya mwanga. Senkondo alijua kurusha droni hata kwenye upepo wa makorongoni. Naanjela, kitinda mimba, alisoma picha za joto. Wenzake wakiona madoa, yeye aliona ng'ombe, chungu, mtu.

Ndugu yao wa nne, Elineema, alibaki nyumbani. Alikuwa mjane mwenye mtoto mchanga ambaye hajapewa jina.

Mvua ikanyesha, mlima ukaporomoka, nyumba ya Elineema ikafunikwa.

Nietiwe alikuja na kihisi chake. Kilikuwa cha utafiti, hakijawahi kutoka maabara.

"Kikikataa?" Senkondo akauliza.

"Kikikataa nitachimba kwa meno."

Akakifunga kwenye droni, kikawaka.

Senkondo alisubiri alfajiri, maana jua likishapasha mabati, kila kitu huonekana cha moto. Ukungu ulikuwa mzito.

"Ukiiangusha hiyo, usirudi kwa mama," Nietiwe alimwambia.

Hakuiangusha. Aliishusha mpaka ikakaribia kugusa matope.

Kwenye picha yakatokea madoa mawili. Wanakijiji wenye majembe wakakimbilia lile kubwa.

"Siyo hapo!" Naanjela akapiga kelele. "Hilo ni jiko, jivu bado lina moto. Tazameni hili dogo. Linafifia, linarudi, linafifia. Ni pumzi inatoka kwenye ufa wa bati."

Wakachimba hapo. Walimkuta Elineema amekunja mgongo, bati juu yake, mtoto kifuani. Mtoto akalia. Elineema alikuwa bado na joto, lakini hapumui tena.

Naanjela akakaa kwenye matope. "Pumzi niliyoiona ilikuwa yake," alisema. "Tulipoanza kuchimba alikuwa hai."



Kijijini kwao, anayemtoa mtoto mautini ndiye humpa jina, na anayempa jina ndiye humlea. Baada ya matanga, mama yao alimlaza mtoto kwenye mkeka, katikati yao.

"Bila jicho langu msingeona kitu," alisema Nietiwe.

"Lingeona nini likiwa mezani, dada?" Senkondo akamjibu.

"Nanyi mngechimba jivu," alisema Naanjela.

Mama yao akawatazama. "Na aliyemkinga kwa mgongo wake? Yeye hana neno?"

"Mama, Elineema hawezi kumlea," alisema Nietiwe.

"Najua," mama akasema, akaanza kulia upya.

Mtoto aligeuza kichwa huku na huku, anatafuta ziwa. Kila mmoja alinyoosha mikono, kila mmoja akairudisha.

Mpaka leo wanamwita Mtoto tu. Nietiwe alitengeneza jicho, Senkondo akalifikisha, Naanjela akajua linachoona, na Elineema akatoa joto lenyewe. Je, wewe uliyenisikiliza, ungemkabidhi nani mtoto huyu? Na ungemwita nani?