Mkeka Wenye Kitu Haukunjwi

Mkeka wenye kitu haukunjwi. Mmemsikia seremala akiyasema hayo leo, wanangu, alipokataa kupokea sifa za kitanda ilhali msumari umembakia kiganjani, nanyi mmetaka kujua asili yake. Basi sikilizeni ilikotoka.

Palikuwa na mtu wa Uzaramo, ukingoni mwa mto Ruvu, akiitwa Mwinyimvua Kondo. Yeye peke yake kijijini alikuwa na bunduki: bunduki ya komeo, ya kuvuta na kusukuma kila risasi, aliyoachiwa na marehemu baba yake pamoja na ruhusa ya serikali. Mwaka huo kiboko mmoja aliuzoea mpunga wa watu. Alikula, akakanyaga alichoshindwa kula, na jirani mmoja aliyekwenda kumfukuza kwa kelele za debe alirudi akiwa amebebwa. Wazee wakamwendea Mwinyimvua. Akakubali, lakini bunduki ilikuwa imeanguka matopeni alipokuwa akivuka kijito, ikawa lazima ifunguliwe.

Akatandika mkeka barazani, akasema bismillahi, akaanza. Baba yake alimfundisha kuvipanga vyuma mkekani kwa safu, kimoja baada ya kimoja, ili cha mwisho kutoka kiwe cha kwanza kurudi. Alifanya hivyo kwa adabu, akafuta, akapaka mafuta. Mara kuku wa mkewe akakatiza mkekani akifukuzwa na jogoo, na safu yote ikavurugika.

"Tunu! Kuku wako ataniua!" akapiga kelele.

"Si kuku aliyetandika vyuma njiani kwake," mkewe akajibu kutoka ndani.

Mwinyimvua akavirudisha kwa kukumbuka. Mtutu ukakaa kitakoni, komeo likaingia, likafunga kwa mlio mzuri. Akakisogeza kijino cha kulengea kidogo kidogo hadi kikanyooka na jicho. Akalegeza kifyatulio, kisiwe kizito kidoleni. Ilimpendeza mno. Kilikuwa kimebaki chuma kidogo mfano wa ukucha. Akakitazama, akaitazama bunduki iliyokamilika.

"Hiki ni cha taa ya karabai," akasema, akaukunja mkeka nacho ndani.

Alasiri, Mwinyimvua angali akiipaka bunduki mafuta kwa nje, akaja Luhende, Mnyamwezi aliyeoa kijijini hapo, na kwa hiyo mtani wake. Nanyi mwajua, mtani hakasirikiwi. Akauvuta mkeka ili ajinyooshe, na alipolala tu akaruka.

"Mtani! Mkeka wako una meno!" Akakiinua kile chuma. "Hiki ni cha nani?"

"Takataka za karabai hizo. Zitupe."

Luhende hakujua hata bunduki hushikwa upande gani, ila utani aliujua. Akalala chali, akanyoosha miguu, akajifunika kanga ya Bi Tunu mpaka kidevuni, akamwonyesha Mwinyimvua kwa kidole.

"Shemeji, lete ubani! Nimewahi msibani. Maiti yenyewe hii hapa, bado yapaka mafuta."

Bi Tunu akacheka hadi akashika nguzo. Majirani wakachungulia.

"Nyamaza, mla panya!" Mwinyimvua akasema, uso umemwiva. "Bunduki hii i salama kuliko kichwa chako. Tazama!"

Akahakikisha haina risasi, akalivuta komeo kwa nguvu, kama mtu anayeharakia risasi ya pili. Komeo halikukoma. Lilitoka zima, likabaki mkononi mwake, na bunduki ikawa bomba tupu.

Kicheko kikakatika. Mwinyimvua akakitazama kile chuma mkononi mwa Luhende, akakitambua: ndicho kizuizi kinacholikomesha komeo lisitoke. Akajiona mpungani, kiboko amejeruhiwa anamjia, naye ameshika kipande cha chuma.

"Nipe, mtani," akasema taratibu. "Nipe, na Mungu akulipe."

Safari hii alifungua vyote upya, akavipanga, akavirudisha kwa safu hadi mkeka ukawa mtupu. Bi Tunu alisimama mlangoni akiwazuia kuku.

Jua liliposhuka, kiboko alitoka majini. Risasi ya kwanza ilimpiga begani. Hakuanguka, akageuka, akamjia mpigaji. Mkono ukavuta komeo. Komeo likaja, likagota, likakoma mahali pake. Likarudi na risasi ya pili. Kiboko akaanguka karibu kiasi cha kumrushia Mwinyimvua matope usoni. Akaiweka bunduki chini, akasujudu papo hapo kwenye maji ya mpunga.

Alipofika nyumbani, Bi Tunu alimshika mikono yote miwili. Luhende akanung'unika barazani:

"Umeninyima ubwabwa wa matanga, mtani."

"Utaula leo, tena wa shukrani," Mwinyimvua akamjibu, akicheka na machozi yakimtoka.

Tangu siku hiyo, mtu wa kijiji kile akiharakia kusema kazi imekwisha, wenzake humwonyesha kilichosalia wakamwambia: mkeka wenye kitu haukunjwi.