Mgeni Rasmi wa Ua la Mpungate

Mambo yalianza Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, katika mwaka wa tatu wa ukame. Pimbi alikuwa juu kabisa mlimani, kwenye miamba ambako umande huganda, akiukagua mpungate wake mwiba kwa mwiba kama afanyavyo kila siku. Safari hii aliona tumba.

Mpungate wa aina ile ulibaki mmoja tu mlima mzima. Ulichanua mara moja katika miaka saba: ua lilifunguka alfajiri, likafumba adhuhuri. Ndege chozi akiwahi kuingiza mdomo humo, usiku huohuo hutoka tunda kubwa kama mtungi, limejaa maji. Asipowahi, basi, hadi miaka saba mingine. Pimbi alikuwa na watoto wawili wanaonyonya, na maziwa yalikuwa yamemkauka tangu Ijumaa. Alilipima tumba, akahesabu siku: ua lingefunguka Jumamosi.

Alifanya kosa moja. Mwenye wasiwasi hupenda kuomba ushauri, na yeye alimwomba Sungura.

Sungura akashuka mbio hadi kwa Simba, akamweleza kwamba ua la heshima namna ile haliwezi kujifungukia ovyo kama mlango wa choo. Lazima lifunguliwe na mgeni rasmi. Simba akauliza mgeni rasmi ni nani, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu. Kufikia jioni kamati ilikuwa imeundwa: Sungura mwenyekiti, Fisi mjumbe wa chakula, ingawa chakula hakikuwepo. Mpungate ukafunikwa jamvi, ikatangazwa kwamba asiye mwanakamati asiukaribie.

Pimbi alieleza kwamba chozi hawezi kupenya jamvi. Fisi alimjibu kwamba hoja yake ni nzuri sana na itajadiliwa Jumatatu.

Jumatano mpungate uliinama kidogo. Alhamisi ukainama zaidi. Kila asubuhi Sungura aliingia chini ya jamvi kukagua maandalizi, akatoka anajilamba, midomo imemvimba. Alisema ni baridi ya mlimani.

Jumamosi wanyama walipanda tangu alfajiri, ndimi nje. Mgeni rasmi alialikwa saa mbili. Alifika saa nne na nusu, kama wageni rasmi wote. Kisha Sungura akaanza kumkaribisha. Alizisifu nywele zake, kucha zake, na babu yake. Jua lilikaribia utosini. Chozi alizunguka juu ya jamvi, akazunguka tena. Pimbi akasimama bila kupewa nafasi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mwenyekiti alisema ua litafunguka ukifika wewe. Umefika, na jamvi halijatikisika. Basi ama mwenyekiti ni mwongo, ama mgeni rasmi si wewe."

Hakuna aliyewahi kumwambia Simba kwamba yeye si yeye.

"Liondoeni," Simba alinguruma, kisha akaliondoa mwenyewe.

Ua lilikuwa limeshafunguka, jekundu, pana kama sinia, halikumsubiri mtu. Lakini chini yake shina lilikuwa limetafunwa upande mmoja hadi nusu, na bado lilichuruzika maji.

"Nani?" Simba aliuliza.

"Fisi," alisema Sungura papo hapo. "Tabia yake tunaijua sote."

Fisi hakukasirika. Alilitazama shina kwa makini, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. "Ndugu mwenyekiti," alisema, "ingekuwa mimi, hapa kungebaki shimo."

Wanyama walicheka, maana ilikuwa kweli tupu. Pimbi akasogea, akauinua mdomo wa juu wa Sungura mbele ya wote. Miiba ilikuwa imejaa humo, midogo kama nywele.

"Nilikuwa naonja tu," alisema Sungura. "Kwa usalama wa Mheshimiwa."

"Siku nne?" aliuliza Pimbi.

Simba akaamua kwamba Sungura auegemeze mpungate mgongoni mwake hadi shina lipone. Sungura aliomba apewe upande usio na miiba. Upande huo haukuwepo.

Kisha Simba akatoa hotuba, kwa kuwa alikuja nayo. Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanamtazama chozi akizama ndani ya ua hadi mabegani na kutoka na unga wa njano usoni. Adhuhuri ua likafumba. Simba alikuwa bado kwenye utangulizi.

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Pimbi alilipasua tunda. Aliwanywesha watoto wake kwanza, kisha akawapimia wengine ganda moja la konokono kila mmoja, Simba naye akiwa kwenye foleni. Sungura alinyoosha shingo kutoka chini ya mpungate, akamkumbusha kwamba yeye bado ni mwenyekiti.

"Mla kwa miwili hana mwisho mwema," Pimbi alimwambia, akampa Fisi zamu ya Sungura.