Uasi wa Alhamisi Don Mills

Wahenga walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Maana yake ni kwamba kazi yenye wakubwa wengi na isiyo na wa kutii haifiki popote, hata iwe njema kiasi gani. Anayedhani methali hii inawahusu mabaharia tu, basi hajafika Don Mills, jijini Toronto, na kuwaona wazee wa Kiismaili waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki.

Kila Alhamisi alasiri wazee hao walikutana ukumbini kunywa chai, kula mihogo na kusengenyana kwa Kiswahili. Aliyewakusanya ni Mwalimu Farhat, mjane aliyefundisha historia Dodoma kwa miaka mingi. Nyumbani kwa mwanawe alitunzwa kama yai, lakini wajukuu walimjibu kwa Kiingereza na mkwewe alikuwa na haraka daima. Alhamisi ndiyo siku pekee aliyozungumza mpaka akashiba. Basi Darius, msimamizi wa ukumbi, alipomwambia kuwa wacheza zumba, dansi ya mazoezi, wanaitaka siku hiyo, Farhat aliingiwa na hofu kweli. Darius alimpa nafasi moja tu: wazee waonyeshe mchezo kwenye sherehe ya familia. Ukipendeza, Alhamisi itabaki yao. Ukiharibika, wazumba wataichukua.

Farhat aliandika mchezo wa uasi wa Wahindi wa mwaka 1857. Aliwaeleza wenzake kuwa Kampuni ya Waingereza ilikuwa imepora ardhi na kuwavua watawala vilemba. Halafu ikawaletea askari wake risasi zilizofungwa kwa karatasi ya kung'atwa kwa meno, na ikavuma kuwa karatasi hiyo imepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Mhindu akakasirika, Mwislamu akakasirika, moto ukawaka.

"Sasa walishindwaje, na walikuwa wengi?" aliuliza Nadim, mfamasia mstaafu.

"Kila mji ulikuwa na mkubwa wake, na mkubwa hakumsikiliza mwenziwe."

"Wapumbavu!" alifoka Abdulsultan, aliyekuwa na duka la vitambaa Mwanza. Wote wakaafiki.

Ukafika wakati wa kugawana nafasi. Abdulsultan alijitwalia ufalme wa Delhi kabla hajaulizwa.

"Mimi nimwinamie Abdulsultanbhai?" Nadim alikuja juu. "Labda niwe jemadari mkuu, asiyemwinamia mtu."

Minaz naye, dada yake Nadim, alitangaza kuwa yeye ni malkia wa Jhansi, yule aliyeongoza waasi kwa upanga, kwani sari ilikuwa tayari imeshapigwa pasi. Farhat aliona haya kuwakatalia watu wazima, akamkubalia kila mmoja. Mwishowe waasi wakawa na wakuu watatu na askari hakuna. Waingereza walikuwa wawili tu: Cherono, muuguzi Mkenya aliyeishi jirani na Farhat, na Murithi mumewe. Hao walifanya walichoambiwa.

Farhat aliupanga mchezo uishie kwenye raha: waasi wanaiteka Delhi, Waingereza wanatimua mbio na masanduku yao, watu wanapiga makofi. Kushindwa aliwaachia wenye vitabu.

Siku ya sherehe ukumbi ulifurika. Pazia likafunguliwa. Cherono na Murithi walisimama mbele ya ukuta wa Delhi, uliotengenezwa kwa maboksi, wakingoja kufukuzwa.

"Washambulieni!" alinguruma Abdulsultan, asitikisike. Mfalme hakimbii, hutuma watu.

"Hakuna kwenda mpaka nitoe amri!" alijibu Nadim, naye akangoja watu wa kuwaamuru.

"Mtasimama hapo mpaka lini? Nifuateni!" Minaz aliingia kwa kishindo kutoka upande asiopangiwa. Upanga wake wa plastiki ukampiga kakaye begani. Nadim akamshika mkono, Abdulsultan akakanyaga sari, na wote watatu wakauangukia ukuta, ukawafunika.

"Mwalimu, tukimbie ama tungoje?" Cherono aliuliza kwa sauti.

"Kimbieni!" Farhat alilia.

"Lakini si ulisema tukimbie tukifukuzwa?" Murithi alisema. "Na hakuna anayetufukuza."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Waingereza walibaki wamesimama na masanduku yao, wakiwa washindi bila kuinua kidole. Darius alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akayafuta na kuwapa wazumba Alhamisi.

Farhat hakucheka. Aliketi kwenye boksi moja la Delhi, akawaambia wenzake kwamba wakiandika ombi moja na kumtuma mtu mmoja, huenda siku yao ikarudi. Wote wakaafiki. Jioni ile Abdulsultan alimpigia simu kumwalika kwenye mkutano wa kuikomboa Alhamisi, Jumapili saa nane, nyumbani kwake. Punde Nadim naye akapiga: Jumapili, saa nane, nyumbani kwake. Minaz yeye hakualika. Alimwambia tu ajue kwamba mkutano halisi ni wa kwake, Jumapili saa nane.

Jumapili hiyo saa nane, kila nyumba ilikuwa na mwenyekiti mmoja na viti vitupu. Mwalimu Farhat alikuwa kwa mwanawe, amejimiminia chai peke yake, akimuuliza mjukuu habari za shule kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza. Hakika, manahodha wengi, chombo huenda mrama.