Fisi Mchora Nyumba na Jembe la Siku ya Tatu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nani?
— Na mwenye mdomo!
Mwenye mdomo ana nini?
— Ana meno!
Haya. Anayesinzia, shauri yake.

Hapo kale Fisi alijipa kazi ya kuwachorea wadogo nyumba. Akawatumia maswali kwenye simu: "Mnalala wapi? Mko wangapi? Watoto wako chumba gani? Bonyeza hapa upate nyumba bora." Panya wakabonyeza, wakabonyeza, wakatuma na picha. Nyumba zikaja, nzuri kweli, mlango sawasawa na kichwa cha Fisi. Siku ya kuhamia, mtaa mzima kimya. Ilibaki mikia.

Bibi Fuko, mwenye wajukuu saba, hakubonyeza kitu. Msimsifu akili, macho hana. Lakini masikio anayo, na udongoni alisikia: kacha, kacha, kacha.

Fisi kuona majibu hayaji, akaja mwenyewe, daftari kwapani.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kukaa nanyi, nijifunze desturi zenu."

"Marahaba. Karibu viazi, baba."

Siku ya kwanza akala, akaandika. Siku ya pili akala, akaandika. Siku ya tatu Bibi Fuko akamletea jembe.

"La nini, bibi?"

"Si umefuata desturi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hapa kazi ni kuchimba. Chimba."

Fisi akachimba. Ku! Ku! Ku! Akazama magotini.

"Bibi, watoto wanalala wapi?"

"Chini zaidi, mgeni wangu."

Ku! Ku! Ku! Akazama kifuani, mate yanamchuruzika.

"Bibi, watoto wanalala wapi?"

"Chini zaidi, mgeni wangu."

Ku! Ku! Ku! Hata masikio hayaonekani. Shimo refu, jembamba, hata kugeuka hawezi.

"Bibi! Watoto wako wapi?"

"Huku juu, baba. Wameshika udongo."

Po! Po! Po!

"Bibi, na hii ni desturi?"

"Andika."

Alilia siku mbili. Ya tatu akanyamaza. Simu yake ndiyo haikunyamaza, krii, krii, krii kule chini: wadogo wa mitaa mingine bado walikuwa wanabonyeza.

Ngano yangu nimeifukia, anayeitaka akaichimbue. Na funzo lake, wajukuu: mkubwa akikuuliza watoto wako wanalala wapi, mwambie kweli tupu. Ana nia njema.