Kwa Nini Sikio Halina Kope

Hebu kila mmoja ajiguse sikio. Tafuta kope. Huioni, sivyo? Jicho lina kope, mdomo hufumbwa, hata pua ukichoshwa na harufu unaibana kwa vidole. Sikio liko wazi kama nyumba iliyong'olewa mlango. Halikuumbwa hivyo, na aliyelifanya hivyo ni mwanamke mmoja mfinyanzi, tena mbishi kwelikweli.

Siku hizo sikio lilikuwa na kope nene kuliko ya jicho. Naye Usingizi alikuwa akitembea kwa miguu yake, mzee mwembamba mwenye mkoba begani. Akimfikia mtu alichukua vyote: kuona, kusikia, kunusa, hata ngozi isijue imeguswa. Alivitia mkobani, akavirudisha alipopenda mwenyewe. Aliyelala alikuwa gogo. Ungemwita, ungemtikisa, ungempigia ngoma kichwani, yote kazi bure.

Kwa hiyo katika kijiji cha wafinyanzi, alikoishi mbishi wetu huyo, jina lake Umazi, watu walilala kwa zamu. Adhuhuri ilipowakuta wamechoka kwa kuchoma vyungu tangu alfajiri, mmoja alibaki macho kuwalinda wenzake. Siku moja zamu ilikuwa ya Bi Sidi, mama mtu mzima, mwaminifu asiye na mfano. Lakini naye alikuwa ameshinda motoni akichochea kuni, na Usingizi hakuwa na desturi ya kuuliza nani ana zamu. Walipoamka, Dena, mwana wa kwanza wa Umazi, alikuwa ametumbukia katika shimo la udongo lililojaa maji ya mvua. Alikwisha kufa. Alikuwa amelia, bila shaka, hatua ishirini tu kutoka alipolala mama yake. Hakuna aliyemlaumu Bi Sidi isipokuwa Bi Sidi mwenyewe.

Umazi alipojaliwa mtoto mwingine, binti aliyemwita Mbeyu, aliapa kwamba halali tena. Siku ya kwanza aliweza. Ya pili aliweza. Ya tatu alifinyanga chungu, akakiziba mdomo asijue anafanya nini. Ya nne, jua likiwa utosini, Usingizi alibisha hodi, akamkuta ameegemea ukuta, mtoto kifuani, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee," alisema Umazi. "Kigoda hicho hapo, keti."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kuketi. Hakuna aliyewahi kunishinda, nawe unajua."

"Najua. Chukua macho, chukua pua, chukua mikono na miguu. Sikio niachie."

Usingizi alicheka mpaka mkoba ukamdondoka begani. "Sikio likibaki wazi utasikia jogoo, utasikia mbuzi, utasikia wifi yako anavyokusengenya. Hutapata hata lepe!"

Mwingine angenyamaza. Umazi aliinuka akipepesuka, akamwongoza mzee hadi uani, palipopangwa vyungu vilivyotoka motoni jana yake. Alifumba macho, akapita akivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, kama wafanyavyo wafinyanzi kabla ya kupeleka mali sokoni. Alipita kumi, ishirini, bila kusita. Alipogonga cha ishirini na tatu, kikalia kwa sauti butu, akasimama ghafla. Usingizi alikiinua, akakigeuza juani, akauona ufa mwembamba kama unywele.

"Wakati nagonga," Umazi alisema, "jogoo aliwika, mbuzi walilia, na wifi yangu alinisema. Sikio liliyasikia hayo yote, likayapuuza. Liliniletea huo ufa tu. Likiweza hilo nikiwa macho, litashindwaje nikiwa nimelala? Nijaribu, mzee. Likinisumbua, lichukue, nami sitafungua mdomo tena."

Mzee alikuna kidevu. Hakuwahi kubishiwa hivyo. Basi akambandua kope za masikio, akavichukua vingine vyote kama kawaida yake, na Umazi akaanguka usingizini na Mbeyu ubavuni. Usingizi aliita radi, ikapiga. Umazi hakutikisika. Akawaita wanawake watatu watwange mahindi mlangoni, akamchokoza punda wa jirani mpaka akalia kwa hasira. Umazi alikoroma. Ndipo Mbeyu, aliyekuwa amejilowesha, alipoguna kidogo, sauti ambayo hata panya asingeigeuzia kichwa. Kabla mguno haujaisha, mama yake alikwisha keti, na mkono umeshamfikia mtoto. Alilia machozi, akacheka hapo hapo.

"Radi uliisikia?" aliuliza Usingizi.

"Niliota naviringisha mtungi mkubwa kushuka mlimani."

"Basi ndiyo hiyo. Lisilokuamsha utaliota," alisema mzee, na kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, hakuzirudisha zile kope. Habari ikaenea. Kina mama walimjia mzee mbio wabanduliwe kope zao, Bi Sidi akiwa mbele. Wanaume walikawia barazani wakijadili, wakafika mwisho; nao wakabanduliwa, ila usikivu wakapewa uliobaki. Ndiyo maana baba hulala mtoto akilia, lakini funua chungu cha nyama uone.

Umazi aliishi mpaka akaona vitukuu. Mwisho wake ulipokaribia alilala siku tatu bila kufumbua macho, pumzi ikienda kwa taabu, na roho haikutoka. Waganga walishindwa kujua anangoja nini. Mbeyu, ambaye sasa naye alikuwa bibi, alijua. Aliinama, akamwita kwa upole.

"Mama, ni mimi Mbeyu. Nipo, ni mzima. Watoto wote wako ndani, wameshiba. Lala, mama."

Umazi alishusha pumzi moja ndefu, uso wake ukalainika, akapumzika.

Na tangu siku hiyo, mgonjwa akizama hata hajui mchana wala usiku, sisi hatumsemi kama hayupo. Tunaketi karibu naye, tunamwita kwa jina lake, tunamtajia walio salama nyumbani, mmoja mmoja, bila haraka.