Mtoto Aliyelia Uwanjani

Hadithi inakuja, watoto, inakuja! Semeni: Ije tuipokee! Sijasikia. Tena! Haya, imeingia, isogezeeni kiti.

Zamani, zamani zile ambazo milima ilikuwa bado haijachagua pa kukaa, na jiwe ukilisalimu linaitika, waliishi watu wa chuma. Waliyeyusha mchanga mweusi, wakafua majembe. Walifua, wakafua, wakafua, hata wakaamini kwamba kila kitu duniani ni chuma. Hata mtoto.

Mnacheka? Ngojeni.

Walisema hivi: "Chuma kisichopigwa hakiwi jembe, na mtoto anayebembelezwa hawi mtu." Basi mtoto akizaliwa tu, alipelekwa Nyumba ya Kukomaza. Huko alilazwa juu ya ngozi pamoja na wenzake. Wanawake waliwanyonyesha kwa zamu, leo huyu, kesho yule, kusudi mtoto asimzoee mtu. Hakuna kumwimbia. Hakuna kumtazama machoni. Akilia, aachwe. Na watoto wale walilia, wakalia, wakalia, kisha wakanyamaza. Watu wakasema, "Mnaona? Wamekomaa."

Sasa, palikuwa na mwanamke kijana, jina lake Namkunda, aliyefanya kazi ya kuvukuta moto. Alibonyeza mivukuto ya ngozi, huku na huku, na ili asipoteze mwendo aliimba:

"Vuu, amka moto, vuu,
amka, kumekucha."

Namkunda akapata mimba. Mwanzo mtoto alikuwa mdogo kama punje ya ulezi, hakuna aliyejua ila mama yake, ambaye ghafla aliuchukia moshi. Kisha akawa kama haragwe. Kisha kama ngumi yako wewe, Hiza, hiyo unayoificha na karanga ndani yake. Kisha masikio yakafunguka. Ndiyo, wajukuu zangu, mtoto husikia kabla hajaiona dunia. Mama akiimba, mtoto anapiga teke. Mama akinyamaza, mtoto anatulia.

"Huyu anacheza ngoma humu ndani," Namkunda alimwambia mumewe, Senzia.

Senzia akaweka mkono, akaurudisha haraka. "Hili ni teke la kwato! Mke wangu, umebeba mbuzi!"

Hakuwa mbuzi. Alikuwa mtoto wa kiume, wakamwita Kadeghe. Siku ileile mama mkwe, Nanzighe, mkuu wa Nyumba ya Kukomaza, akaja kumchukua.

"Mama, niachie hata kidogo," Namkunda akasihi.

"Mkamwana, hata mumeo nilimpeleka kule mimi mwenyewe. Alikufa? Hakufa. Lete."

Akaenda naye. Lakini Kadeghe hakunyonya. Alipewa na huyu, akageuza uso. Alipewa na yule, akageuza uso. Akakonda, akakonda, hata shingo ikawa kama bua la mtama. Uji wake wa asubuhi, Nanzighe akawamwagia kuku.

Kule kwenye tanuri, Namkunda alivukuta kimya kimya kwa huzuni. Moto ukafifia. Wafuaji wakafoka, "Imba, mama! Chuma kinapoa!" Basi akaimba. Vuu, amka moto, vuu.

Na ndani ya nyumba ile, Kadeghe, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kulia, akageuza kichwa. Akakielekeza ukutani, sauti ilikotoka. Mdomo ukaanza kutafuta.

Nanzighe aliona. Alikuwa amelea watoto wengi, wala hakupata kuona jambo hilo, kwa sababu hakupata kuwatazama. Akamfunika mtoto kwa upande wa nguo yake, akatoka upesi mpaka kwenye tanuri.

"Mshike. Na ukisema ni mimi niliyemleta, nitakana mbele ya watu!"

Kadeghe akanyonya. Akanyonya hata jasho likamtoka puani.

Lo, Mzee Sengondo alipopata habari! Huyu alikuwa mkuu wa wafuaji wote na mume wa Nanzighe. "Mnalainisha chuma!" alinguruma. "Mlee basi mpaka Siku ya Uwanja. Akilia siku hiyo, anarudi Nyumba ya Kukomaza, nawe Namkunda hutamwona mpaka aote ndevu."

Siku ya Uwanja ilikuwa hivi: watoto wanaotambaa huwekwa mbele ya watu wote, kisha huachwa peke yao. Anayelia ni laini.

Namkunda alifanya nini? Alimbeba mgongoni, akamwimbia. Mtoto akicheka, naye anacheka. Akilia, anaitika. Jirani zake wakamtania: "Wee Namkunda, huyo ni mtoto au ni kupe?" Maana mama akipotea nyuma ya mlango tu, Kadeghe anaangua kilio. Na kila kilio, mama alihesabu siku zilizobaki kabla ya Siku ya Uwanja.

Siku ikafika. Watoto wa Nyumba ya Kukomaza wakakaa kama vyungu vilivyoanikwa, kimya. Namkunda akamweka Kadeghe, akaenda nyuma ya ua. Kadeghe akatazama huku. Akatazama kule. Mdomo ukapinda. Akalia, watoto, akalia hata kuku wakakimbia!

"Nilisema!" akanguruma Sengondo. "Namkunda, njoo umuage."

Namkunda akaja mbio, akamwinua, akamkumbatia. Kadeghe akalaza kichwa begani, akavuta kamasi, akashusha pumzi. Kisha, hata kabla ya kuagwa, akaanza kujinyonganyonga: anataka chini.

Akashuka. Akatambaa mpaka kwenye nyundo ya mfuaji iliyolazwa pale chini, akageuka: mama yupo. Akaenda mbele, akageuka: mama yupo. Akaenda mbele zaidi, mpaka miguuni pa Mzee Sengondo, ambaye wanaume wazima walimpisha njia. Akashika goti lake, akajivuta, akasimama wima, akamchekea kwa meno mawili.

Mzee akainama kumtazama. "Huyu... haniogopi?"

"Baba Senzia," akasema Nanzighe taratibu, "ana pa kurudi, ndiyo maana anathubutu kwenda. Hawa wangu tuliwaona wagumu. Hebu watazame. Hakuna hata mmoja aliyesogea."

Akamwinua msichana mdogo katikati ya wale waliokaa kimya. "Mama yake huyu ni nani? Aje."

Mwanamke akaja, akampokea; Mzee Sengondo hakumzuia, wala hakutaja tena kumrudisha Kadeghe. Yule msichana hakumtazama mama yake. Mama akamwimbia, kutwa, na kesho yake, na siku nyingi, mtoto akitazama pembeni tu. Mpaka asubuhi moja mama akachukua mtungi aende kisimani, na nyuma yake akasikia sauti ndogo, imekwaruza kwa kukaa bila kazi. Mtoto analia. Anamlilia yeye!

Wanawake wakatoka majumbani wakipiga vigelegele, kana kwamba amezaliwa leo.

Basi, wajukuu zangu, chuma hukomazwa kwa nyundo, lakini mtu hukomazwa kwa kupendwa. Mkimsikia mdogo wenu analia, msiseme anadeka. Mwitikieni.

Hadithi imefika kwake, imekunja miguu, imelala. Tamu yake chukueni nyote, makapi niachieni mimi.